Gemu Niliyoiagiza kwa Anwani ya Kanisa

Mimi naitwa Nyamweya. Nauza dawa za mifugo mjini Migori, ni shemasi mkuu wa kanisa letu la Waadventista, nina mke na watoto watatu, na mwaka huu nimetimiza miaka arobaini na mbili. Nayataja haya mapema ili ieleweke kwamba aliyefanya mambo ninayoyasimulia hakuwa mtoto, hakuwa mlevi, na hakukosa watu wa kumheshimu.

Kazi yangu inataka masikio. Mtu anaingia dukani na habari za mbuzi anayekohoa, unamsikiliza mpaka mwisho, unamuuliza mbuzi anakula nini na analala wapi, ndipo unampa dawa. Wateja hunisifu kwa hilo. Lakini kuanzia Mei hadi Agosti mwaka huu sikumsikiliza mbuzi yeyote. Mzee mmoja wa Karungu alinieleza ugonjwa wa ng'ombe wake kwa robo saa nzima, nami nikamjibu, "Itatoka kwa rangi mbili, nyeusi na kijivu." Aliondoka na dawa ya minyoo, na hadi leo akinisalimia hunitazama machoni kwa makini, akitafuta dalili.

Kilichonitoa akili ni video niliyoiona kwenye simu. Bwana mmoja wa ng'ambo, mwenye ndevu na subira, alikuwa anaonyesha mashine ya gemu ya kushika mkononi ambayo ilikuwa haijaanza kuuzwa. Ina ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na ndani yake zinacheza gemu za zamani, zile za enzi za kaseti, ambazo mashine zake zilishaoza. Bwana yule alikuwa anapitisha orodha ya gemu moja baada ya nyingine, na katikati ya orodha nikamwona mtu mdogo wa viatu vya njano. Nikasimamisha video. Nikairudisha nyuma. Alikuwa yeye. Sikuwa nimemwona kwa miaka ishirini na tisa, na nikaangalia pembeni kama mtu aliyekutana na shahidi wa kesi yake sokoni.

Kesi yenyewe ni hii. Tulikulia Homa Bay, mimi na dada yangu Nyasuguta, aliyenizidi miaka mitatu. Tata, ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita baba, alikuwa na kinu cha kusaga mahindi huko, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sheria. Mwaka wa 1996 mjomba alituletea gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, pamoja na kaseti moja tu. Jina la gemu lilikuwa limeandikwa kwa Kichina, kwa hiyo sisi tuliiita Ngazi. Mtu wa viatu vya njano anapanda jengo la ghorofa arobaini huku ndege wakimdondoshea mawe. Mimi nilikuwa nafia ghorofa ya kumi na mbili. Nyasuguta alikuwa anapanda kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Siku ya Sabato, yaani tangu jua kutua Ijumaa mpaka jua kutua Jumamosi, gemu haikuguswa. Jumamosi moja Tata na mama walikwenda kuwatembelea wagonjwa. Nikachomeka gemu. Mimi. Nyasuguta alikuwa chumbani akifanya mazoezi ya wimbo, maana makambi ya Agosti, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya kila mwaka, yalikuwa wiki iliyofuata, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuimba peke yake mbele ya umati wote. Alikuja kuniambia nizime. Nikamwomba anivushe ghorofa ya kumi na mbili tu. Akashika rimoti akiwa amesimama, ili isihesabike kwamba anacheza, na alipofika ghorofa ya thelathini na tisa mlango ukafunguliwa.

"Nani amewasha hii?" Tata akauliza.

Nyasuguta alinitazama. Hakunitaja. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe, na mimi nikaitumia nafasi hiyo kuutazama mkono wake ulioshika rimoti, mpaka Tata naye akautazama. Sikusema uongo wowote. Kwa miaka mingi nimejitetea hivyo.

Tata aliiweka mashine juu ya kabati, na jina la Nyasuguta likafutwa kwenye ratiba ya makambi. Hakuimba mwaka huo. Hakurudi kwaya tena, hata alipokuwa mtu mzima na nesi wa kuheshimika hapo hapo Homa Bay. Na Tata, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja, alipata kisa cha kufundishia. Kila familia inapokutana, iwe ni harusi, iwe ni shukrani, hata matanga ya mama, lazima akisimulie: huyu binti yangu aliwahi kuwasha gemu siku ya Bwana, lakini tazameni neema. Watu hucheka. Nyasuguta hucheka pia, kwa mdomo. Mimi huenda jikoni kuangalia kama chai imechemka.

Mwaka huu Nyasuguta alipata kazi katika hospitali moja Uingereza, mkataba wa miaka mitatu. Angeondoka Jumapili moja ya Agosti, na Jumamosi yake jioni tungekutana kwa Tata kumuaga. Nilijua Tata angesimulia. Nilijua pia kwamba kwa mzee wa umri ule, miaka mitatu si ya kuchezea. Huenda kisa hicho ndicho kingekuwa neno la mwisho kati yao. Dawa yake ilikuwa rahisi. Ningesimama na kusema, ni mimi niliwasha. Maneno matatu. Badala yake niliamua kununua mashine.

Mpango ulikuwa huu: nitampa dada yangu mashine, atamwona mtu wa viatu vya njano, atamaliza ile ghorofa iliyobaki, atalia kidogo, na mambo yataisha bila mimi kufungua mdomo. Nilipoufikiria niliona una akili sana.

Kumbe nilikuwa sijui kungoja ni nini. Watengenezaji walisema Mei, kisha wakasema Juni, kisha wakatoa picha ya mashine ikiwa imegeuzwa mgongo, na mimi nikaitazama picha ya mgongo kwa wiki mbili. Nilijua nguvu ya betri yake, upana wa kioo chake, na sababu ya vitufe vyake kupishana kidogo. Siku hizo hizo mke wangu Moraa aliniuliza mtoto wetu wa pili yuko darasa la ngapi, nikamwambia nitaangalia.

Kulikuwa na watu kwenye mtandao waliokuwa wanangoja kama mimi, wengine Brazili, wengine Ufilipino, na tulibishana kuhusu rangi kama watu wanaogombea shamba. Nilikuwa upande wa kijivu. Kanisani niliweka simu ndani ya kitabu cha nyimbo, na muumini aliyekaa nyuma yangu alidhani naimba kwa hisia kwa jinsi nilivyokuwa natikisa kichwa.

Jambo la aibu zaidi ni la katoni. Nilikata katoni ya dawa ya minyoo kwa vipimo kamili vya ile mashine, nikachora vitufe kwa kalamu ya kuwekea ng'ombe alama, na wateja wakipungua nikawa nafanya mazoezi. Vidole vilikuwa vimesahau, nikajiambia. Siku moja Moraa aliingia dukani akanikuta nimekishika kile kipande cha katoni, ulimi nje, nakwepa mawe.

"Baba Liz, unafanya nini?" akauliza.

"Napima dozi," nikasema.

Alikitazama kile kipande pande zote mbili, akanirudishia kwa heshima, akaenda zake. Wanawake wa kwetu wana uvumilivu ambao sisi hatuustahili.

Julai mwishoni mashine ikaanza kuuzwa. Niliagiza ya kijivu, na nikamwandikia muuzaji anifanyie hisani moja: aitengeneze ili ikiwashwa tu, Ngazi ifunguke yenyewe. Likabaki suala la anwani. Nyumbani haikufaa, kwa sababu ya Moraa. Dukani haikufaa, kwa sababu jirani zangu hufungua mizigo ya wenzao kwa nia ya kusaidia. Ndipo nikapata wazo ambalo ni mtu wa kanisa tu anayeweza kulipata. Nilitumia sanduku la posta la kanisa, na kwa jina la mpokeaji nikaandika Idara ya Mashemasi. Mkuu wa idara ni mimi. Nani angeuliza?

Nilichosahau ni kwamba mwezi huo kanisa letu lilikuwa limeagiza redio za Biblia. Ni vidude vidogo vya sola vinavyosoma Biblia kwa sauti, kwa Kiluo au Kiswahili, kwa ajili ya wazee wetu walioishiwa macho. Sikusahau kwa bahati mbaya. Kamati ilipolijadili jambo hilo nilikuwepo, na kitabu changu cha nyimbo kilikuwa wazi mbele yangu.

Ijumaa ya mwisho, saa kumi na mbili jioni, ujumbe ukaingia kwenye simu: mzigo wako umechukuliwa. Umechukuliwa na nani? Nilifunga duka na mteja akiwa bado ndani, nikamfungulia, nikamwomba radhi, nikafunga tena. Nilipofika kanisani nilimkuta Celestine, karani wetu, akifunga ofisi. Celestine ni mwanamke mwaminifu kiasi cha kutisha. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati ya mtaa wa Oruba.

"Celestine, kuna mzigo wa mashemasi hapo ndani?"

"Iko, Shemasi. Nimeichukua pamoja na zile redio. Lakini si unaona jua imeshuka? Hizo maboksi tutafungua tukienda kupeana."

Ningesema tu kwamba mmoja ni wangu. Lakini angeniuliza una nini, na Celestine akiuliza swali hungoja jibu. Nikamwambia Sabato njema. Moraa na watoto walikuwa wametangulia Homa Bay kusaidia kupika, kwa hiyo nilirudi kwenye nyumba tupu na kipande changu cha katoni. Sikukigusa. Ilikuwa Sabato.

Kesho yake, wakati wa matangazo, Celestine alisimama mbele na karatasi mkononi na uso unaong'aa.

"Ndugu na dada, mnakumbuka tuliagiza redio za Biblia kumi. Jana nimehesabu maboksi. Nimehesabu mara tatu." Akaikunja karatasi. "Ni kumi na moja."

Akaendelea kueleza kwamba Mama Susana, aliyeanza kupoteza macho baada ya orodha kufungwa, alikuwa ameomba kwa mwezi mzima apate redio yake, na kamati ilimjibu kwamba hakuna ya ziada. Sasa Bwana ameongeza moja. Amina iliyopigwa hapo iliyatikisa mabati. Mimi pia nilisema amina. Kusema kweli nilisema mbili, ya pili kwa nguvu, kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Celestine alikuwa ametangaza kwamba boksi hilo la kumi na moja, kwa kuwa limeandikwa Idara ya Mashemasi, litapelekwa kwa Mama Susana na shemasi mkuu mwenyewe, mchana huo huo.

Mama Susana anakaa si mbali na mto, katika nyumba ya vyumba viwili yenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe alipokuwa bado anaona. Alitushika mikono, mimi na Celestine, akatukalisha. Ana miaka sabini na minane. Macho yake bado yanapata mwanga, na vitu vinavyotembea, lakini maandishi yamemkimbia.

Celestine akafungua boksi. "Hii ni modeli mpya," akasema. "Iko na kioo."

Ndiyo mara ya kwanza nilikuwa naiona. Ilikuwa nzuri kuliko kwenye video. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na bado, nakiri, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuangalia kama vitufe vimekaa sawasawa.

Celestine akaiwasha, akamwekea Mama Susana mikononi. Muziki ukaanza, ule ule wa Ngazi. Mama Susana aliisogeza karibu na uso wake.

"Kuna mtu hapa," akasema. "Anapanda."

"Anapanda nini, Mama?" Celestine akauliza.

"Ngazi." Kisha sauti yake ikabadilika. "Nyathina, mwanangu, ni Yakobo."

Celestine akachungulia. "Wameanza na Mwanzo," akaniambia kwa kunong'ona. "Wameweka na picha."

Katika Mwanzo wanaopanda ni malaika, Yakobo mwenyewe amelala, lakini hakuna aliyeniuliza. Mama Susana akabonyeza kitufe, mtu wa viatu vya njano akaruka ghorofa moja, jiwe likamwangusha, na mashine ikatoa ile sauti yake ya masikitiko.

"Ameanguka," akasema Mama Susana kwa huruma.

"Atarudi," nikasema. "Bonyeza ya kulia, Mama. Ngoja ndege apite kwanza. Haya, sasa."

Sijui nilipagawa na nini. Mimi, shemasi mkuu, mchana wa Sabato, nilichuchumaa kando ya kiti cha mama huyo nikamfundisha kukwepa mawe. Na alikuwa na kipaji. Macho yake yalikamata kila kilichotembea. Alifika ghorofa ya tisa akicheka kama msichana, na mimi nikawa napiga sakafu kwa kiganja, mpaka ndege wawili walipomjia kwa pamoja, akaanguka kwa mara ya mwisho, na kioo kizima kikajaa maandishi makubwa ya Kizungu kwamba mchezo umekwisha.

Celestine aliyasoma. Akayasoma tena.

"Mama Susana," akasema taratibu, "umebonyeza wapi? Hii ilikuwa inaenda kusoma Neno. Sasa umeiharibu, imeingia mambo ya dunia."

Kicheko kikatoweka usoni mwa mama yule. Aliiweka mashine mapajani, akaificha mikono yake chini ya kitambaa cha kiti.

"Nisamehe, nyathina," akasema. "Ni hii mikono ya uzee. Nilibonyeza bila kujua. Bwana amenipa kitu, na mimi nimeharibu siku ya kwanza."

"Shemasi, tuombee," Celestine akaniambia. "Mama asife moyo."

Nikasimama, nikafumba macho. Nilichokiona ni mkono wa Nyasuguta ulioshika rimoti. Yule wa kwanza alikuwa na miaka kumi na sita, huyu sabini na minane, na mimi nilikuwa pale pale, mikono mitupu, safi, tayari kufungua kinywa kwa maombi. Nilijichukia sana. Nikafumbua macho.

"Hajaharibu kitu," nikasema. "Hiyo si redio. Ni gemu, na ni yangu. Niliiagiza mimi kwa anwani ya kanisa."

"Ya watoto?" Celestine akauliza. Aliniachia mlango wazi kabisa. Nilichohitaji ni kupita tu.

"Hapana. Yangu."

"Na redio ya kumi na moja?"

"Hakuna. Zilikuwa kumi, Celestine. Ulihesabu vizuri tangu mwanzo."

Akaketi. "Kanisa yote ilisema amina, Shemasi."

"Najua. Nilikuwepo."

"Sabato ijayo utatangaza wewe. Mimi siwezi." Na nilitangaza, na nikaagiza redio ya Mama Susana, safari hii kwa jina langu kamili, lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule Mama Susana alikuwa anaitoa mikono yake chini ya kitambaa polepole, kama aliyeruhusiwa.

"Kwa hivyo si Yakobo," akasema.

"Si Yakobo, Mama. Nisamehe."

Akafikiri. "Basi nisomee wewe. Umenionyesha ngazi, usiniwache katikati. Toa Biblia."

Nilimsomea kwa Kiluo cha Homa Bay. Yakobo akaota, akaamka, akasafiri, na nilipotaka kufunga kitabu Mama Susana akasema mtu hawezi kuachwa njiani kabla hajapata mke. Nilisoma mpaka Yakobo akapata wawili. Nilipoingia kwenye pikapu yangu, mashine mfukoni, saa kumi na moja ilikuwa imepita.

Nilipita Rongo bila kusimama. Jua lilitua nikiwa nimeivuka njia ya kuingia Asumbi. Sabato ilikuwa imekwisha, mashine ilikuwa yangu, na miezi mitatu ya kungoja ilikuwa inanigonga pajani kwenye kila tuta. Sikusimama. Nakiri nilipunguza mwendo kidogo.

Homa Bay nilikuta watu wameshakula. Sebule ya Tata ilijaa shemeji, jirani na wazee wa kanisa, na Moraa alikuwa mlangoni na sahani yangu iliyofunikwa. Tata alikuwa amesimama na fimbo yake. Nilitambua mahali alipofika kwenye kisa kwa jinsi alivyokuwa ameinua kidole.

"...na mimi nafungua mlango hivi, nakuta huyu binti, huyu anayeenda Uingereza, amewasha gemu siku ya Bwana. Lakini tazameni..."

Watu walikuwa tayari kucheka. Nyasuguta alikuwa amekaa kando yake na gauni jipya, akitabasamu kwa mdomo. Jikoni chai ilikuwa inachemka, niliisikia.

"Tata," nikasema. "Ni mimi niliwasha."

Alishusha kidole. "Umesema nini?"

"Ni mimi niliwasha. Yeye alikuja kuniambia nizime. Mimi nikanyamaza, na nimenyamaza mpaka leo." Machozi yakanitoka mbele ya shemeji zangu wote, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wowote.

Tata akamgeukia dada yangu. "Kwa nini hukusema?"

"Ungeniamini, Tata?"

Watu wengine wangesema ndiyo. Tata ni mtu wa sheria. "Hapana," akasema. "Nisingekuamini." Akaketi, akaiweka fimbo chini. "Ule wimbo wa makambi. Ulikuwa namba ngapi?"

Nyasuguta akataja namba. Hakuhitaji kufikiri.

"Imba."

"Tata, sauti imeisha. Miaka yote hiyo."

"Imba na iliyobaki."

Akaimba akiwa ameketi. Ubeti wa kwanza sauti ilikwaruza na akasimama mara mbili kuvuta pumzi. Wa pili ilipata njia. Hakuna aliyejiunga naye, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba ulikuwa wimbo wa mtu mmoja. Tata alikuwa amefunguliwa kitabu cha nyimbo na alikuwa akifuata maneno kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Kisha akakifunga.

"Nyamweya."

"Naam, Tata."

"Hiyo kitu inaonekana kwa mfuko ni nini?"

Nikaitoa. Sikuwa na nguvu ya kutunga lolote. "Ni gemu, Tata."

"Lete hapa."

Nikampelekea. Mzee akainuka, akatembea polepole hadi kwenye lile kabati, ni lile lile, akanyoosha mkono na kuiweka juu. "Utachukua makambi ya mwaka ujao yakiisha," akasema. Moraa ndiye aliyeanza kucheka, na baada yake sebule nzima. Safari hii Nyasuguta alicheka mpaka akajishika mbavu. Niliishika mashine ile, kwa hesabu yangu, dakika kumi tangu inunuliwe.

Baadaye kidogo tulitoka nje, mimi na dada yangu, tukasimama karibu na pikapu. Nikamwomba msamaha. Kisha nikamweleza kuhusu mashine, kwamba ilikuwa yake, kwamba nilitaka amalize ile ghorofa moja iliyobaki kabla hajaondoka.

"Ngazi?" akasema. "Hiyo nilimaliza kitambo. Iko kwa simu, Nyamweya, bure. Kama miaka nane hivi sasa. Nilikuwa nacheza nikipumzika kazini."

"Na ghorofa ya arobaini kuna nini?"

"Hakuna kitu. Anafika, anakaa, anaangalia chini."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Mimi sikuwa nangoja gemu." Akanipangusa uso kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. "Nilikuwa nangoja tu useme."

Miezi mitatu mizima nilikuwa nimejiona mimi ndiye mtu anayengoja.